Ulinganishi katika Kiingereza cha Maandishi: Ladha Iliyogeuka Sheria

Kanuni za kulinganisha vitu katika Kiingereza cha maandishi hufundishwa kana kwamba zilizaliwa pamoja na lugha yenyewe. Mwanafunzi anayeandika 'less' badala ya 'fewer' mbele ya nomino inayohesabika husahihishwa kwa wino mwekundu, na ni nadra kuelezwa kanuni hiyo ilitoka wapi. Chimbuko lake ni kitabu cha Robert Baker cha mwaka 1770, kilichoigiza mtindo wa maoni ya Vaugelas kuhusu Kifaransa. Baker alisema tu kwamba yeye aliliona 'fewer' kuwa la kupendeza na sahihi zaidi. Ilhali Mfalme Alfred, katika tafsiri yake ya Boethius ya karne ya 9, alikuwa amekwisha kulitumia umbo la kale la 'less' kwa vitu vinavyohesabika. Vizazi vya waandishi wa vitabu vya matumizi ya lugha viliyachukua maoni ya Baker na kuyafanya amri.

Suala la 'than' ni tata zaidi. Robert Lowth, aliyewahi kuwa profesa wa ushairi huko Oxford, alishikilia katika sarufi yake ya 1762 kwamba neno hilo ni kiunganishi, na kwamba umbo la kiwakilishi kinachofuata huamuliwa na kitenzi kilichodokezwa. Kwa hiyo, 'taller than I', si 'taller than me'. Hoja hii ina mantiki. Hata hivyo, Lowth huyo huyo aliidhinisha 'than whom', lenye umbo la yambwa, ambalo Milton alikuwa amelitumia katika Paradise Lost (1667). Si kwamba alimwogopa Milton. Kwingineko alimkosoa, kama alivyowakosoa Swift na Pope. Miaka mitatu baadaye William Ward alidai kwamba 'than' ni kihusishi, na hivyo kuhalalisha 'than me'.

Kwa mhakiki, athari nzito zaidi imo katika ulinganishi maradufu, yaani kutumia 'more' au 'most' pamoja na kivumishi ambacho tayari kina kiambishi cha kulinganisha. Katika enzi ya Shakespeare huu ulikuwa msisitizo wa kawaida, wala haukuhesabiwa kuwa kosa. Pope, katika toleo lake la tamthilia hizo la mwaka 1725, aliondoa baadhi ya maumbo hayo, likiwemo lile mashuhuri katika hotuba ya Antony kwenye Julius Caesar. Wasomi wa Muyaka, ambaye Kimvita chake pengine hupimwa kwa Kiunguja kilichoteuliwa mwaka 1928, watautambua mkono huo. Matoleo ya kitaaluma ya leo yameyarejesha maumbo hayo. Ndiyo maana mtafiti anayechunguza usemi wa Antony anapaswa kwanza kutaja ametumia toleo gani.