Debe, Pipa na Ngozi: Mafuta ya Ndege Ndogo Chini ya Milima ya Usambara

Katika miaka ya 1930, ndege ndogo za watu binafsi zilizoruka Tanganyika na Kenya zilijazwa mafuta kwa debe. Viwanja vingi vilikuwa nyasi zilizofyekwa tu, bila pampu wala ghala. Mwenye ndege alitanguliza mafuta yake kwa reli, kwa lori au kwa vichwa vya wapagazi, kisha akayafuata kwa hewa.

Debe la bati lilichukua galoni 4 za Kiingereza, sawa na lita 18 hivi, na madebe yalisafirishwa mawili mawili katika sanduku la mbao. Petroli na mafuta ya taa vilisambaa hivyo Afrika Mashariki nzima. Kwa Usambara mlango ulikuwa Mombo, ambako reli ya Tanga ilifika mwaka 1905. Toka hapo mzigo ulipanda kuelekea Soni, Lushoto na Gare, ambako watawa Watrapisti walikuwa wamefungua misheni mwaka 1897. Miteremko ya huko juu haimfai rubani. Historia ya ndege ya upande huu imebaki zaidi bondeni, kwenye njia ya reli na Mto Pangani.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoleta ndege mapema kwenye njia hiyo. Mwanzoni mwa 1916 Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, chenye marubani wengi kutoka Afrika Kusini, kilipiga kambi Mbuyuni, upande wa Kenya, na Juni mwaka huo jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Smuts likafika Mombo. Kila lita ya petroli ilibidi iwafuate nyuma. Wajerumani, waliozibiwa bahari na manowari za Kiingereza, walikuwa na shida kubwa zaidi: kwa magari yao walitengeneza kutokana na nazi kimiminika mbadala wa petroli walichokiita trebol.

Baada ya vita zikaja ndege za raia. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi, na katika miaka ya 1930 ndege zake zilishuka pwani hadi Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Walowezi na wawindaji matajiri nao walinunua zao. Denys Finch Hatton alitumia Gipsy Moth kutafuta tembo kabla ya kufa nayo Voi, Mei 1931. Tangi la Gipsy Moth lilikaa katikati ya bawa la juu, na petroli ilishuka yenyewe hadi kwenye injini. Lilijazwa kwa madebe manne na ushee, na debe moja lilitosha karibu saa nzima angani. Hesabu ya safari ilikuwa rahisi hivyo. Kazi yenyewe haikuwa rahisi: mtu alipanda juu, mwingine akamwinulia debe la kilo 13 au zaidi, na petroli ikamiminwa polepole kwenye faneli.

Ndani ya faneli ilitandazwa ngozi laini iliyolainishwa kwa mafuta. Ikilowanishwa kwanza kwa petroli, ngozi hiyo hupitisha petroli na kuzuia maji, kutu na mchanga. Ikitangulia kulowa maji, hupitisha maji, na hapo haina faida tena. Moto ulihofiwa, na ilistahili, lakini adui wa kila siku alikuwa maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hutulia chini ya tangi, na kiasi kidogo tu kikiingia kwenye kabureta injini huzima, mara nyingi wakati ndege ndiyo kwanza inanyanyuka.

Debe tupu halikutupwa. Lilichota maji, lilikunjuliwa likaezeka nyumba, na hadi leo mahindi na matunda ya Lushoto huuzwa kwa debe.

Baada ya Vita vya Pili pipa la lita 200 lilichukua nafasi ya debe kwenye viwanja vya mbali. Pipa lina ujanja wake. Likisimama wima, mvua hutuama juu ya vizibo. Jua likilichoma hewa ya ndani hutanuka na kutoka, usiku ikipoa hufyonza maji yale yapite kwenye nyuzi za kizibo kilichoonekana kimekazwa. Kwa hiyo hulazwa ubavu, vizibo vyote viwili vikiwa usawa mmoja chini ya uso wa mafuta. Siku ya kutumika husimamishwa mapema ili uchafu utulie, na bomba la pampu ya mkono halifikishwi chini kabisa. Waya huunganisha pipa, pampu na ndege, kwa sababu mafuta yanayotiririka huzalisha umeme tuli, na cheche moja inatosha. Dumu la plastiki ni hatari hasa kwa sababu hiyo: halipitishi umeme, hivyo waya hauliondolei chaji. Mwisho rubani huchota mafuta kidogo chini ya tangi kwenye chupa angavu na kuyatazama dhidi ya mwanga. Petroli ya ndege inayotumika sana leo hutiwa rangi ya buluu. Maji hujitenga chini yake yakiwa meupe.

Petroli hiyo sasa ni adimu na ghali. Kampuni nyingi za ndege ndogo Afrika Mashariki zimehamia ndege za injini za tabo kama Cessna Caravan, zinazotumia mafuta yaleyale ya ndege kubwa. Ngozi haichuji vizuri mafuta hayo, na vichujio vya viwandani vimeiondoa kazini.