Mtoto Mgongoni mwa Mtoto

Msimu wa kuchuma tumbaku, ukipita vijiji vya Urambo, katika Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania, asubuhi, utamkuta msichana wa miaka 8 au 9 amesimama chini ya mwembe na mdogo wake mgongoni. Kitenge amekifunga mwenyewe. Ameinama mpaka mgongo ukalala kama meza, akampandisha mtoto kwa mkono mmoja, akapitisha ncha moja juu ya bega na ya pili chini ya kwapa, akakaza fundo kifuani. Nusu dakika haikuisha. Mama yuko shambani tangu alfajiri. Baba yuko kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, anachochea kuni, maana jani likishaingia banini moto haulali. Mtoto akilia, dada anamtikisa, hatua mbili mbele, mbili nyuma. Kengele ya shule imekwisha kulia.

Historia ya malezi katika Unyamwezi, pale ilipoandikwa, imeandikwa kwa kuwafuata wakubwa: mtemi, mfanyabiashara, mmisionari, waziri. Kila mmoja alifika na hesabu yake kuhusu umri ambao mtoto anafaa kuchukuliwa, na kazi au mafunzo anayofaa kupewa. Mimi naona historia hiyo ianze kwa huyu aliye chini ya mwembe. Katika kila zama, wakubwa walipoitwa kwingine, aliyebaki kulea mtoto mara nyingi alikuwa mtoto mwenzake.

Maelezo marefu ya mwanzo tuliyo nayo juu ya watoto wa Unyamwezi ni ya msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857. Burton alikuwa na dharau nyingi kwa watu aliowaona, na msomaji hana budi kumsoma kwa tahadhari, lakini jicho lake lilikuwa kali. Anaeleza kuwa mtoto alinyonya hadi mwisho wa mwaka wake wa pili. Alipopita miaka 4, mvulana alipewa upinde mdogo wa kimo chake, na upinde uliongezwa ugumu kadiri mkono ulivyopata nguvu. Baadaye alichunga mifugo, akalima kijishamba chake cha tumbaku, akaanza kutamani kujenga kibanda chake mwenyewe. Kijijini palikuwa na iwanza, nyumba ya baraza, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake. Katika ile ya wanaume mvulana aliketi pembeni akasikiliza habari za njia, bei za pembe na kesi za mipaka. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake, na haikuwa ndogo.

Ameandika pia jambo ambalo sijaweza kulisahau. Mmoja wa mapacha alipokufa, na Burton anadai kuwa mara nyingi aliuawa, mama alichukua kibuyu, akakifunika kwa ngozi, akakilaza kando ya pacha aliyebaki na kukilisha kama anavyomlisha mwenzake. Leo Kulwa na Doto ni majina ya mapacha, majina ya furaha Tanzania nzima, na mtoto anayewafuata mapacha huitwa Shija, lakini nyuma ya majina hayo kuna hofu ya kale na mama aliyebembeleza kibuyu. Anayedhani malezi ya zamani yalikuwa jambo jepesi lililojiendesha lenyewe, akitazame kibuyu hicho.

Kuhusu msichana, Burton anatuambia kwamba alikaa kwa baba yake hadi kubalehe, kisha yeye na wenzake wakajijengea nyumba yao kando. Kati ya ziwa la mama na kubalehe hana la maana la kutueleza. Mgeni wa kiume hakukaribishwa iwanza ya wanawake, na mtoto anayebeba mtoto ni jambo ambalo jicho la msafiri hulipita kama linavyopita jiwe la kusagia.

Kisha njia ya misafara ikapanuka. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, Wanyamwezi walikuwa wapagazi wasio na mfano, na kazi hiyo ikawa kipimo cha utu uzima. Alfred Swann, baharia wa misheni aliyekuja Ziwa Tanganyika miaka ya 1880, aliandika kuwa kijana hakuruhusiwa kuoa kabla ya kufikisha mzigo wa pembe pwani. Wasafiri waliwaona wavulana wadogo wakijizoeza kwa vipembe vyepesi begani. Mzigo ukawa kama darasa: kipembe kidogo kwa mdogo, pembe nzima kwa aliyekomaa.

Si wanaume tu waliosafiri. Wanawake waliandamana na misafara wakiwa na vyungu, unga na watoto wachanga; wapo waliojifungua njiani na kuendelea. Kambi ya msafara jioni, penye moto na miiko, ilikuwa pia mahali pa kulea. Wengine wengi walibaki nyumbani na mashamba, na mume alikuwa hayupo kwa miezi mingi. Hapo mikono midogo ndiyo iliyoongezeka thamani.

Ndani ya dunia hiyo alikulia Mirambo, mtemi ambaye jina la Urambo latokana naye. Masimulizi yanasema kuwa ujanani alichukuliwa mateka na Watuta, Wangoni waliopanda kutoka kusini, akajifunza kwao namna ya kupigana. Alipoinuka, jeshi lake la rugaruga lilijaa vijana waliokatwa na nyumba zao: yatima wa vita, mateka, wapagazi waliotoroka. Mtoto aliyepoteza mlezi alilelewa na vita. Agosti 1871 Mirambo alipoishambulia Tabora na kuchoma sehemu ya mji, msafiri Henry Morton Stanley alikuwa Kwihara, jirani tu, upande wa Waarabu wa mji huo. Mwaka huohuo, Tabora hapohapo, mfanyabiashara Mwarabu alimpa Stanley zawadi: mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu Mhali, ambaye hakuwa amefikisha miaka 10. Stanley akambadilisha jina, akamwita Kalulu. Alimpeleka Uingereza na Marekani, akamsomesha Wandsworth, London, akamwandikia kitabu cha hadithi kilichotoka 1873. Aprili 1874 mtoto huyo alihudhuria mazishi ya mmisionari na msafiri David Livingstone katika kanisa la Westminster. Mwaka 1877 alizama kwenye maporomoko ya Mto Kongo akiwa katika safari nyingine ya bwana wake. Kati ya watoto wote waliopita Tabora karne ile, huyu ndiye tunayejua karibu kila hatua ya malezi yake, na hakuna hatua hata moja aliyoichagua yeye au mama yake.

Wamisionari walianza na watoto wa namna hiyo. Mapadri Weupe, katika miaka ya 1880, waliwakusanya Kipalapala, nje kidogo ya Tabora, watoto waliokombolewa utumwani, wakawalea na kuwafundisha, hadi walipolazimika kuondoka 1889. Urambo kwenyewe Mirambo alimpokea daktari Ebenezer Southon wa Chama cha Misheni cha London mwaka 1879. Southon alitibu wagonjwa na kuandika habari nyingi, akafa 1882 kwa jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya wakati wa kuwinda. Wanafunzi walikuwa wachache. Na mjini Tabora, bila kelele na bila barua kwenda Ulaya, mwalimu wa chuo aliketi barazani na watoto wa miaka 5 na 6, ubao magotini, wakiimba alifu na irabu mpaka Juzuu Amma ikakaa kichwani. Katika mafunzo yote ya kitabu yaliyokuwa yamefika Unyamwezi wakati huo, hayo ndiyo yaliyomchukua mtoto akiwa mdogo kuliko yote, na yamedumu hadi leo. Haifai kuyaacha nje tunapohesabu elimu ya awali.

Mwaka 1898 Kanisa la Wamoraviani lilipokea kituo cha Urambo kutoka kwa Chama cha Misheni cha London. Hapa historia ina mzunguko wa ajabu. Kanisa hilo linatokana na Umoja wa Ndugu wa Bohemia, na askofu wake mashuhuri wa karne ya 17 alikuwa Jan Amos Comenius, mtu ambaye Ulaya inamhesabu kama baba wa fikra za elimu ya watoto wadogo. Comenius aliyagawa maisha ya kujifunza katika hatua za miaka sitasita: kwanza magoti ya mama, kisha shule ya lugha ya nyumbani, kisha shule ya Kilatini, mwisho chuo kikuu na safari. Aliandika kitabu kizima juu ya ile miaka 6 ya kwanza, akisisitiza kuwa mtoto huanza elimu ya nyota kwa kuutazama mwezi, na hesabu kwa kujua kingi na kichache. Edmund Dahl, Mmoraviani aliyefanya kazi Unyamwezi, alikusanya maneno ya Kinyamwezi katika kamusi iliyochapishwa 1915. Hapo hatua ya pili ya Comenius, lugha ya nyumbani, ilipata mtumishi mwaminifu. Hatua ya kwanza ilibaki kwa mama. Na mama akiwa shambani, ilibaki kwa dada.

Serikali za kikoloni ziliangalia juu zaidi. Reli ilifika Tabora 1912 ikaua upagazi wa masafa marefu. Wanaume wakaelekea mashamba ya mkonge Tanga. Waingereza walifungua Shule ya Tabora mwaka 1925, kwanza kwa ajili ya wana wa watemi. Julius Nyerere, rais wa baadaye, alifika hapo 1937, na ni vema kukumbuka kuwa alianza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Mtoto wa wakati huo alikuwa amekwisha kuchunga, kulima na kulea kabla hajashika chaki. Labda ndiyo sababu katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Nyerere alisifu elimu ya kuishi na kutenda ya kabla ya ukoloni, na alitaka umri wa kuanza shule usogezwe mbele ili mtoto amalize akiwa na nguvu za kufanya kazi kijijini.

Azimio la Musoma la 1974 likataka elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 mpango huo ukaanza kutekelezwa kwa watoto kuanzia miaka 7. Naiheshimu hatua hiyo kuliko nyingi zilizofuata. Lakini tazama ilimgusa nani: ilimwita darasani yuleyule aliyekuwa akibeba mdogo wake. Dola ilimchukua mlezi, na haikuweka mtu mahali pake. Vijiji vya ujamaa vilijaribu kuanzisha vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, vingine kwa nguvu za kina mama wenyewe, na sheria ya vituo hivyo ikatungwa 1981. Jukumu likaangukia Ustawi wa Jamii, mbali na elimu, na kwa sehemu kubwa vituo vikabaki mijini.

Urambo wakati huo ilikuwa imekwisha kupata bwana mpya. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulikata mapori makubwa ukafa 1951. Mashamba yaliyosafishwa yakageukia tumbaku. Zao hili linakula saa za familia kuliko mahindi. Kuna kitalu cha kumwagilia, kupandikiza mvua zikianza, kukata vikonyo, kuchuma jani kwa jani kadiri linavyoiva, kufunga kwenye fito, kukesha na moto, kupanga madaraja, kufunga marobota. Katika kila hatua ipo kazi ambayo mkono mdogo unaiweza, na hapo ndipo hatari ilipo, maana jani bichi lenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi na mtoto huumwa kichwa na kutapika. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na imekataza kazi hatarishi. Kulea mdogo wako si ajira, kwa hiyo sheria haimgusi yule msichana.

Sera ya 1995 ilitambua elimu ya awali ya miaka 2 kwa watoto wa miaka 5 na 6. Sera ya 2014 ikaufanya mwaka 1 wa awali kuwa wa lazima. Ada zilipofutwa kuanzia Januari 2016, madarasa ya awali nchini yalifurika kiasi kwamba mwalimu mmoja alijikuta na watoto zaidi ya 100 juu ya jamvi. Desemba 2021 ilizinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, PJT-MMMAM, inayomtazama mtoto tangu mimba hadi miaka 8: siku 1,000 za kwanza kliniki na nyumbani, miaka 2 hadi 4 kwenye vituo vya kulelea mchana, miaka 5 darasa la awali, kisha darasa la kwanza na la pili. Kwa mara ya kwanza hatua zote ziko kwenye karatasi moja, na wizara kadhaa zinapaswa kuisoma pamoja. Nimefurahi kuiona.

Penye vijiji vya mbali zimejengwa shule shikizi, ili mtoto wa miaka 5 asitembee kilomita nyingi porini. Ndani utakuta vizibo vya soda vya kuhesabia, herufi zilizochorwa kwenye maboksi, sufuria ya uji ambayo wazazi wameichangia unga. Mwalimu anaamkiwa kwa Kiswahili, na akitoka nje bibi anamwamkia kwa Kinyamwezi, mwanga luka. Ni kazi njema, inayofanywa na watu waliochoka.

Lakini darasa la awali hufunga kabla ya adhuhuri, na kituo cha kulelea wa miaka 2 na 3 bado ni nadra vijijini. Uchumaji hausubiri: Februari, jani lililoiva likiachwa siku mbili linapoteza daraja. Saa tano na nusu watoto wa awali wanatoka na vikombe vyao vya uji. Mama bado yuko shambani, baba yuko banini. Darasa la tatu wako katikati ya somo la hisabati, na msichana mmoja karibu na dirisha anaona mdogo wake amesimama nje uwanjani, anaangalia huku na huku.