Msalaba Ulioshuka Pwani Mara Mbili

Mgeni anayevuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani hulakiwa kwanza na Gereza, ngome ya mawe iliyokaa ukingoni mwa maji. Kuta zinazoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa karne ya 19, ila ngome ya kwanza mahali hapo ilijengwa na Wareno. Jina lake nalo lina kisa. Wanaisimu wengi hulitoa katika igreja, neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Nyumba ya sala ikawa nyumba ya wafungwa, na Kiswahili kikatunza ushahidi.

Msalaba ulishuka hapa tarehe 24 Julai 1505. Francisco de Almeida aliteremsha askari wake, Sultani Ibrahim akakimbia, na mapadre wa Kifransisko wakaja na misalaba miwili wakiimba wimbo wa shukrani hadi kwenye jumba la mtawala. Baada ya sala ukafuata uporaji. Almeida alimtawaza Muhammad Ankoni, Muislamu wa mji huohuo, na mwaka uliofuata Ankoni akauawa. Mwaka 1512 Wareno walikiacha kisiwa.

Miaka saba ni michache, lakini hata sabini isingetosha. Mtu anayebeba mali yako kwa mkono mmoja hawezi kukuhubiria uzima wa milele kwa mkono mwingine. Isitoshe, Kilwa haikuwa ikisubiri kuambiwa kwamba kuna maisha baada ya kaburi. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alikuta mji wa Waislamu wacha Mungu na Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyesifika kwa ukarimu. Kisiwa jirani cha Songo Mnara kina makaburi katikati ya mji, na wanaakiolojia wameokota hapo vijiwe vyeupe na sarafu zilizowekwa na wazuru. Wafu walikuwa na majirani.

Mara ya pili msalaba ulishukia Lindi, mwaka 1876, tena bila mizinga. Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, Unguja, alikuja na kundi la wanaume na wanawake waliokombolewa utumwani, akawaongoza bara hadi Masasi, ambako walijenga kijiji. Wengi wao asili yao ilikuwa nchi za kuelekea Ziwa Nyasa, na watu wa nchi hizo walikuwa wamepitishwa kwa maelfu Kilwa Kivinje, bandari iliyolisha soko la watumwa la Unguja mpaka Sultani Barghash alipolifunga mwaka 1873. Kwa mtu aliyekwisha kuuzwa, aliyetazama wenzake wakiachwa njiani kwa udhaifu na kiu, habari ya kufufuka ilikuwa na uzito ambao mtoto wa seminari ya Ulaya angeupata kwa shida. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi, wakachoma na kuteka. Wakristo wengine wakahamia Newala, nayo Masasi baadaye ikasimama tena.

Steere alikuwa pia mtu wa lugha, na hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Wafasiri wa Biblia hawakulazimika kuunda msamiati mpya wa kifo. Roho, peponi, kiyama, jehanamu, malaika: maneno haya yalikuwa misikitini na majumbani zamani. Hata marehemu, neno analoandikiwa Mkristo wa Lindi katika tangazo la msiba, asili yake ni Kiarabu, maana yake aliyerehemiwa. Dini mbili zinazotofautiana juu ya Yesu zilikutana kwenye jeneza zikazungumza lugha moja.

Jibu la tatu juu ya kifo, baada ya Uislamu na Ukristo, lilitoka milimani. Huko Ngarambe, mwaka 1904, Kinjikitile Ngwale alianza kugawa dawa ya maji, mafuta ya mbarika na mtama, akiahidi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Ahadi hiyo inajulikana hata na watoto wa shule. Iliyosahaulika ni nyingine: katika masimulizi ambayo mwanahistoria Gilbert Gwassa aliyakusanya kwa wazee, Kinjikitile alifundisha kwamba mababu hawakupotea, wako kwa Bokero, mzimu wa mto Rufiji, na watarudi. Kwa hiyo vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 kwa kung'oa pamba huko Nandete katika Umatumbi, vilikuwa pia vita vya watu wenye tumaini lao juu ya wafu. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Mohoro tarehe 4 Agosti. Dawa ilikuwa imeshasambaa.

Siku kumi baadaye tumaini hilo na lile la Wakristo yalikutana porini. Askofu Cassian Spiss, Mbenedikto kutoka Tirol na mwanzilishi wa misheni ya Peramiho, alikuwa ametokea pwani ya Kilwa akielekea huko pamoja na mabruda wawili, Andreas na Gabriel, na masista wawili, Felicitas na Cordula. Tarehe 14 Agosti 1905, karibu na Mikukuyumbu katika nchi ya Liwale, wote watano waliuawa. Mwisho wa mwezi huo misheni ya Nyangao, kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda bara, ikashambuliwa. Katika kukimbia, Sista Walburga Diepolder akapotezana na wenzake, akauawa.

Vitabu vya misheni huwaita mashahidi wa imani, na hiyo ni haki yao. Lakini mwandishi wa historia hana budi kukumbuka kwamba aliyeshika mkuki hakutofautisha kwa urahisi kanzu ya mtawa na bendera ya serikali iliyomlazimisha kulima pamba. Wafu wa upande wa pili hawana idadi kamili. Wajerumani walitaja 75,000, Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Kisa kigumu zaidi kiko Songea, nje ya pwani lakini ndani ya vita vilevile. Mwaka 1906, viongozi wa Wangoni wakingoja kitanzi, padre wa Kibenedikto aliingia kwao na wengi wakakubali kubatizwa kabla ya kunyongwa tarehe 27 Februari. Je, waliamini, au walishika mkono wa mwisho walionyooshewa? Huenda ni yote mawili. Padre yule hakuweza kuwaondolea kamba. Alichokuwa nacho mkononi ni maji, neno ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa limebeba ahadi nyingine kabisa.

Wabenedikto walirudi upesi. Mwaka huohuo wa 1906 walianzisha Ndanda, ambayo baadaye ikawa abasia yenye hospitali. Nyangao ilijengwa upya, ingawa Oktoba 1917 vita vya Wazungu wenyewe viliifuata hadi mlangoni katika mapigano ya Mahiwa. Leo huko Nyangao, kando ya barabara ya Lindi kwenda Masasi, ipo hospitali ya misheni ambako Waislamu na Wakristo hupanga foleni moja, wengine wakija kujifungua, wengine kufa. Inaitwa Mtakatifu Walburga, jina lilelile la yule sista.