Hukumu ya Mwisho
Hukumu ya Mwisho ni fundisho la Kikristo kwamba Yesu atarudi, wafu watafufuka na kila mtu atatoa hesabu ya maisha yake. Katika Mathayo 25:31–46 kipimo ni matendo: kumlisha mwenye njaa, kumtembelea mfungwa.

Mjini Kayanga, wilayani Karagwe, makanisa yanakiri imani hiyo kwa pamoja, lakini yanatofautiana kuhusu marehemu. Wakatoliki, wenye Jimbo la Kayanga tangu 2008, huamini pia hukumu ya mtu binafsi mara anapofariki, na toharani, yaani kutakaswa kwa roho baada ya kifo. Ndiyo maana kila Novemba 2 huwaombea wafu. Walutheri wa Dayosisi ya Karagwe, iliyoanzishwa 1979, hawakubali toharani.

Waadventista nao hufundisha kwamba hukumu ya upelelezi, yaani uchunguzi wa maisha ya watu kabla ya Yesu kurudi, ilianza mbinguni mwaka 1844.