Bei ya Utulivu

Yapo maradhi ya akili yenye pande mbili. Kwa majira fulani humpandisha mtu katika harara ya furaha isiyo na kiasi, akakosa usingizi, akatapanya mali na maneno. Kwa majira mengine humtumbukiza katika huzuni hata uhai ukawa mzigo. Zamani aliyepandwa na harara hiyo alifungwa, au alilazwa usingizi kwa dawa nzito.

Mwaka 1952 mlango mpya ulifunguliwa mjini Paris. Henri Laborit, tabibu mpasuaji, alikuwa ameona kuwa klopromazini huwatuliza wagonjwa pasipo kuwaondolea fahamu, akawahimiza matabibu wa akili waijaribu. Tarehe 19 Januari, katika hospitali ya jeshi ya Val-de-Grâce, alipewa kijana wa miaka 24 aliyeshikwa na harara. Baada ya siku 20 hivi aliweza kurudia maisha yake. Lakini alikuwa amepata tiba nyingine pia, hata mapigo ya umeme. Kwa hiyo sifa yote haikuwa ya dawa moja. Mwaka huo huo Jean Delay na Pierre Deniker, wa hospitali ya Sainte-Anne, waliitumia peke yake, na nguvu yake ikadhihirika.

Faida hiyo ilikuja na deni. Wagonjwa walitetemeka mikono, viungo vikakakamaa, miguu ikakosa raha ya kutulia. Wengine, baada ya miaka ya kuitumia, walichezwa na midomo na ulimi pasipo hiari, na kuacha dawa hakukuwaponya wote. Tena dawa iliyoshusha harara haikuinua huzuni.

Dawa za baadaye zilipunguza ukakamavu. Olanzapini ilikubaliwa nchini Marekani kwa harara mwaka 2000, na kwetiapini kwa upande wa huzuni mwaka 2006. Hata hivyo deni lilibadili sura tu: miili ilinenepa, na mwaka 2003 serikali ya nchi hiyo iliagiza onyo la kisukari liandikwe juu ya dawa za kundi hilo.

Mgonjwa anayeacha dawa mara nyingi huitwa mkaidi, kumbe huenda amechoka kulipa. Kuiacha ghafla humrudisha hatarini. Kumnyamazisha humsukuma huko huko. Tabibu mwema huuliza habari za akili iliyotulia, kisha huuliza na za mwili uliolipia utulivu huo, akapunguza kipimo au akabadili dawa. Mizani ina vitanga viwili, na kimoja hujulikana na mgonjwa peke yake.