Majivu na limau kwa usafi wa nyumba

Kwa familia za Mununga na Mantapala: sabuni ikikosekana, jikoni kuna msaada.

Majivu: Chekecha majivu ya kuni yaliyopoa, yalowanishe, sugua sufuria, kisha suuza kwa maji safi. Majivu huondoa mafuta, lakini yanaweza kuunguza ngozi. Nawa mikono ukimaliza.

Limau: Baada ya kupara samaki wa Ziwa Mweru, sugua kisu na ubao kwa limau na chumvi. Harufu hupungua.

Muhimu: Vitu hivi havitoshi dhidi ya kipindupindu. Mtu akiharisha maji maji au kutapika, mpeleke kliniki haraka. Safisha alipochafua kwa klorini. Kamwe usichanganye klorini na limau: hutoa hewa ya sumu.