Kilevi na mgeni visiwani Zanzibar

Unywaji wa pombe kwa watalii Zanzibar ni jambo lililoruhusiwa kwa leseni na kuwekewa mipaka na staha. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,889,773 visiwani, na karibu wote ni Waislamu. Hapohapo utalii ndio unaoleta sehemu kubwa ya fedha za kigeni. Baina ya mambo hayo mawili umejengeka utaratibu ambao hakuna ubao unaoutangaza, ila kila mhudumu wa hoteli anaujua: kilevi kina pahala pake, na nje ya pahala hapo kinasitiriwa.

Si kwamba pombe ililetwa na ndege za watalii. Tembo la mnazi ni la kale pwani nzima. Mgema hupanda asubuhi na jioni kukinga utomvu unaodondoka kutoka kwenye karara lililokatwa. Ukiwa mbichi ni mtamu kama sharubati, ukilala unachachuka na kulevya. Zamani tembo lilitumika hata kuumulia unga wa mikate. Methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji haikutungwa na mtalii. Tofauti ni kwamba tembo lilinywewa shambani, chini ya minazi, mbali na macho ya mjini. Sitara hiyo ndiyo iliyorithiwa na baa za leo.

Vileo Zanzibar vina sheria yake na bodi yake ya udhibiti, mbali na Tanzania Bara. Hata bia iliyopikwa Dar es Salaam huvuka bahari kwa kibali cha mwingizaji mwenye leseni. Mwanzoni mwa 2024, kampuni zilizozoea kazi hiyo zilipokosa kuendelezewa leseni na nyingine zikapewa nafasi, bia iliadimika mahotelini na bei ikaruka. Waziri wa utalii wa wakati huo, Simai Mohammed Said, alijiuzulu Januari hiyohiyo. Kwa wiki kadhaa watu wasioonja pombe maisha yao yote walijikuta wakijadili bei ya kreti.

Mwambao wa Nungwi, Kendwa na Paje una baa nyingi, na huko mgeni hapati tabu kujua wapi anywe. Mtihani uko Mji Mkongwe, tena kwa saa maalumu. Jua la Unguja huzama mapema mwaka mzima, baina ya saa 12 na saa 1 jioni. Watalii hupanda roshani ya Africa House pale Shangani, hoteli iliyokuwa klabu ya Waingereza tangu enzi za masultani, wakaagiza bia baridi na kulitazama jua likitua nyuma ya majahazi. Dakika hizohizo adhana ya magharibi huanza, msikiti mmoja ukipokezana na mwingine mpaka sauti zinachanganyika juu ya mapaa ya bati. Hakuna anayemkataza mtu kumaliza glasi yake. Kosa huanza pale chupa inaposhuka ngazi.

Kutoka hapo hadi bustani ya Forodhani ni mwendo mfupi wa vichochoro. Mgeni hupishana na wanaume wenye kanzu wakitoka msikitini, watoto wa chuoni na juzuu zao kifuani, wazee waliokaa barazani. Akipita na chupa ya bia ya Safari mkononi, huenda asiambiwe neno. Mzee atamtazama, kisha atatazama chini, na kwa Kiunguja hilo ni karipio tosha. Forodhani kwenyewe pombe haiuzwi. Kinachouzwa ni juisi ya miwa, inayokamuliwa pamoja na ndimu na kipande cha tangawizi, na huteremsha mishikaki vizuri kuliko bia yoyote. Aliyenunua chupa dukani huifunga gazeti au kuitia mkobani, na kuifungua chumbani kwake.

Jambo ambalo wageni wengi hawalifikirii ni mkono unaowahudumia. Hadithi mashuhuri iliyomo katika mkusanyo wa Tirmidhi inataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya ulevi, na mnywaji ni mmoja tu miongoni mwao. Wamo pia muuzaji, mmiminaji, mbebaji na anayebebewa. Kwa hiyo dereva wa teksi anayeambiwa ashuke akamnunulie mteja kreti ameombwa kitu kizito zaidi ya safari yenyewe. Wapo watakaokwenda, kwa kuwa watoto wanataka kula. Mgeni mwenye kuelewa hushuka mwenyewe, akaomba kwanza ruhusa ya kuweka mzigo garini. Na akimkaribisha dereva bia akajibiwa, “Ahsante bwana, mimi soda,” hambembelezi mara ya pili.

Mwezi wa Ramadhani masharti hukaza. Mchana migahawa mingi ya wenyeji hufungwa, hoteli huwalisha wageni nyuma ya mapazia, na baadhi ya baa husimama hadi sikukuu. Hata chupa ya maji njiani humvunjia heshima aliyefunga, sembuse kopo la bia. Mgeni aliyealikwa futari hubeba tende, matunda au sukari. Mvinyo, hata uwe wa bei gani, hubaki hotelini, na anayekwenda kufuturu hatangulii kuunywa, maana harufu hufika sebuleni kabla ya salamu.

Maldives, nchi nyingine ya visiwa vya Waislamu katika bahari hiyohiyo, imechora mpaka kwa namna iliyo wazi zaidi: pombe huuzwa katika visiwa vya hoteli na kwenye mashua za watalii, na visiwa wanavyoishi wenyeji havina baa. Chupa aliyokuja nayo msafiri hairuhusiwi kuvuka forodha ya uwanja wa ndege.